Kompyuta yajua kiu ya mti, haijui kiu ya kijiji

Imekuwa desturi siku hizi, kila linapozuka swali juu ya maji yanayonywewa na mashamba makubwa ya matunda, wenye mashamba na washauri wao kulijibu kwa kufungua kompyuta. Kwenye kioo huonekana ramani ya shamba, miti imepangwa kwa mistari, udongo umepakwa rangi kufuatana na unyevu wake, na pembeni zimeandikwa tarakimu: mti huu unahitaji lita kadhaa leo, ule unahitaji pungufu kidogo, na maji "yaliyookolewa" msimu huu ni kiasi fulani. Aliyeuliza hunyamaza. Nani atabishana na mashine? Hapo shamba hupewa sifa ya kuwa endelevu, neno ambalo limegeuka kuwa hati ya kuuzia matunda katika maduka ya Ulaya.

Jambo hili halina budi kutazamwe bila woga na bila ujinga. Bila woga, kwa sababu tarakimu za kompyuta huandikwa na watu, na watu hao wana mwajiri. Bila ujinga, kwa sababu kuikataa sayansi eti kwa kuwa mabwanyenye wameitumia ni kosa ambalo mkulima mdogo ndiye atakayelilipia. Mkulima huyo anaihitaji hesabu sahihi ya maji kuliko mtu mwingine yeyote, kwani yeye hana kisima kirefu cha kukimbilia mto unapokauka. Kwa hiyo hoja haiko kwenye kuipokea au kuikataa kompyuta. Hoja iko kwenye swali ambalo kompyuta huulizwa, na zaidi, kwenye swali ambalo haiulizwi.

Yafaa kwanza kueleza mashine hiyo hufanya nini, maana mengi husemwa juu yake na wasioijua. Msingi wake ni hesabu ya mapato na matumizi, kama ile ya daftari la duka la ushirika. Udongo wenye mizizi ndio ghala. Mapato ni mvua na maji ya kumwagilia. Matumizi ni maji yanayogeuzwa mvuke na jua kutoka ardhini, maji yanayopumuliwa na majani, na maji yanayozama chini zaidi ya mizizi. Mtaalamu wa Kiingereza, Howard Penman, alionyesha mwaka 1948 namna ya kukadiria maji yanayokwenda hewani kutokana na jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. John Monteith akaongeza mchango wa majani mwaka 1965, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likaifanya kanuni ya wataalamu hao kuwa kipimo cha kutumiwa ulimwenguni kote katika kitabu chake cha mwaka 1998. Programu ya FAO iitwayo CROPWAT hufanya hesabu hiyo kwa dakika chache. Iko nyingine, HYDRUS, ambayo hufuatilia jinsi maji yanavyosambaa udongoni kutoka kwenye tundu la mpira wa matone, sentimita kwa sentimita. Iko na ya tatu, WEAP, iliyotungwa na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm, ambayo huacha mti mmoja mmoja na kulitazama bonde zima la mto, pamoja na miji, mabwawa na mashamba yake yote.

Hakuna uchawi hapa. Mtu yeyote aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuifuata hesabu yenyewe. Kitabu hicho cha FAO kinaupa mparachichi uliokomaa kipimo cha 0.85. Maana yake ni kwamba, siku ambayo jua na upepo vinaweza kunyonya milimita 5 za maji kutoka kwenye uwanja wa majani mabichi, shamba la parachichi litatumia milimita 4.25. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Basi hekta 1 ya parachichi, katika siku moja ya namna hiyo, hunywa lita 42,500. Tarakimu hiyo msomaji aiweke akilini, kwa maana itahitajika mbele kidogo.

Nchi ya Chile, huko Amerika ya Kusini, ndiyo inayofundisha somo hili kwa uwazi kuliko nyingine. Kaskazini ya mji mkuu wa Santiago kuna jimbo la Petorca, lenye mabonde mawili ya nchi kame, la mto Petorca na la mto La Ligua. Kwa vizazi vingi wakulima wadogo wa mabonde hayo walilima kandokando ya mito, chini kwenye tambarare, na kumwagilia kwa mifereji. Milima iliyoyazunguka mabonde ilikuwa ya vichaka na mbuzi. Leo milima hiyo imevikwa miparachichi kutoka chini hadi karibu na kilele, kijani kibichi cha kupendeza macho, ilhali mito iliyoko chini yake imegeuka kuwa njia za mchanga na mawe.

Hali hiyo haikuletwa na mbingu peke yake. Mwaka 1967, chini ya Rais Eduardo Frei Montalva, Chile ilipitisha sheria ya marekebisho ya ardhi ambayo pia iliyaweka maji yote ya nchi mikononi mwa umma, na mwenye shamba akapewa ruhusa ya kuyatumia tu. Serikali ya Salvador Allende ikaongeza kasi ya kuwagawia ardhi wakulima. Tarehe 11 Septemba 1973 majeshi yakaipindua serikali hiyo, na mwaka 1981 utawala wa Jenerali Pinochet ukatoa Kanuni mpya ya Maji. Kanuni hiyo iliendelea kuyaita maji kuwa mali ya taifa, kwa maneno mazuri kabisa. Kisha ikaruhusu haki za kuyatumia zitolewe bure, ziwe za milele, zitengane na ardhi, na ziuzwe sokoni kama gunia la ngano. Mtu aliweza kumiliki mto bila kumiliki ukingo wake. Mkulima mwenye shida ya fedha aliweza kuuza maji yake na kubaki na shamba la vumbi. Katiba ya mwaka 1980 ilikuwa imekwisha kuzilinda haki hizo kama mali binafsi, hivyo serikali yoyote iliyokuja baadaye ilikuta mikono yake imefungwa.

Hapo ndipo ilipoingia teknolojia. Mwaka 1985 ikatungwa sheria ya kutoa ruzuku kwa watu binafsi wanaojenga miradi ya umwagiliaji. Mpira wa matone ukafanya jambo ambalo mfereji haukuweza kamwe: ukapandisha maji mlimani. Ardhi ya mteremko, ambayo haikuwa na thamani yoyote, ikageuka kuwa shamba bora la parachichi aina ya Hass, kwa sababu baridi kali ya usiku hutelemkia bondeni na kuiacha miti ya mlimani salama. Wataalamu wa kilimo wakaja na vipimo vyao vya unyevu na hesabu zao, na kila hekta ya mlimani ikawa mfano wa ufanisi. Tone kwa tone. Hakuna mfereji unaovuja, hakuna dimbwi, hakuna magugu yanayokunywa bure.

Mwaka 1997 mto Petorca ulitangazwa rasmi kuwa umekwisha, yaani hauwezi kutolewa haki nyingine yoyote ya maji. Mwaka 2004 ukafuata mto La Ligua. Mwaka 2011 uchunguzi wa setilaiti ulionyesha kuwapo kwa mifereji ya chini ya ardhi iliyochimbwa bila idhini kupeleka maji mashambani. Tangu mwaka 2010 ukame mkubwa ukaikumba sehemu yote ya kati ya Chile, na wenye mashamba wakapata mtu wa kumsingizia ambaye hawezi kujibu: wakasema ni mvua. Kweli mvua ilipungua, na tena sana. Lakini ukame huo ulimpiga kila mtu, na si kila mtu aliyekauka. Aliyekuwa na fedha alichimba kisima kirefu zaidi na kununua haki za jirani. Asiye na fedha alipeleka ndoo kwenye lori.

Maana vijiji vya Petorca vilianza kuletewa maji kwa malori, na mgawo ukawa lita 50 kwa mtu kwa siku. Sasa msomaji airudie ile tarakimu ya hekta moja: lita 42,500. Ukizigawa kwa 50 utapata watu 850. Hekta moja ya matunda ya kupelekwa ng'ambo, katika siku moja ya jua la kawaida, ilikunywa mgawo wa kijiji kizima. Mwaka 2020 wakuu wa afya wa mkoa wa Valparaíso waliagiza mgawo uwe lita 100, na baada ya siku chache wakaliondoa agizo lao wenyewe. Ilibidi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iingilie kati mwaka 2021 na kuamuru kwamba mtu apewe lita 100. Fikiri: binadamu anakwenda mahakama ya juu kudai ndoo tano za maji, na mti ulioko mlimani juu ya nyumba yake unapimiwa maji yake kila asubuhi na mashine, bila wakili.

Wako watakaosema kwamba kosa ni la wezi wa maji wachache na sheria mbovu ya Pinochet, na kwamba kompyuta na mipira ya matone havina hatia. Kuhusu sheria ni kweli nusu. Nusu ya pili ni nzito zaidi, nayo imo ndani ya hesabu yenyewe ya shamba.

Katika daftari la kompyuta ya shamba, maji yanayozama chini ya mizizi huandikwa kuwa ni hasara. Kwa mwenye shamba ni hasara kweli, kwani aliyalipia dizeli au umeme wa pampu na mti haukuyanywa. Lakini maji hayo yamekwenda wapi? Hayakwenda mbinguni. Yamezama ardhini, yakaungana na maji ya chini, yakatokea kwenye kisima cha mwanakijiji wa tambarare au yakarudi mtoni maili kadhaa mbele. Hasara ya mmoja ni kisima cha mwingine. Programu haimwoni huyo mwingine kwa sababu mipaka yake imechorwa kwenye ua wa shamba, na ng'ambo ya ua kwake hakuna dunia.

Ichukuliwe hesabu rahisi ya mfano. Shamba la mifereji linaruhusiwa kuchota mita za ujazo 1,000 mtoni. Miti inatumia 600, na 400 zinarudi ardhini na mtoni. Mtaalamu anaita hali hiyo ufanisi wa asilimia 60 na kusikitika. Analetwa mkandarasi, mipira inatandazwa, kompyuta inafungwa, na ufanisi unapanda hadi asilimia 90. Sasa miti ileile ingetosheka na mita 667, na ndipo watu wa magazeti huitwa kuja kupiga picha. Lakini mwenye shamba ana kibali cha mita 1,000. Kwa nini aziache? Anapanda miti nusu zaidi ya ile ya kwanza, miti inatumia mita 900, na zinazorudi ardhini ni 100. Hakuiba hata tone. Hakuvunja sheria yoyote. Kibali chake ni kilekile na ufanisi wake ni wa kupigiwa mfano, ila watu wa chini waliokuwa wakipata 400 sasa wanapata 100, na hakuna tarakimu kwenye kioo cha kompyuta inayosema hivyo.

Jambo hili si geni kwa wachumi. Mwingereza William Stanley Jevons aliandika mwaka 1865 kwamba injini zinazotumia makaa kidogo zaidi zingeifanya Uingereza ichome makaa mengi zaidi, kwa kuwa zingefanya matumizi yake kuwa rahisi na ya faida. Katika maji, FAO yenyewe ilichapisha mwaka 2017 mapitio ya ushahidi kutoka nchi mbalimbali, yaliyoonyesha kwamba kuleta teknolojia ya umwagiliaji wa kisasa pasipo kuweka kikomo cha maji kumekuwa mara nyingi kukiongeza matumizi badala ya kuyapunguza. Mwaka 2018 kundi la wataalamu likiongozwa na Quentin Grafton liliandika hayohayo katika jarida la Science. Hawa si wapinzani wa sayansi, ni wanasayansi. Ajabu ni kwamba maandiko yao hayasomwi na wale wanaobeba mikoba ya miradi, au yanasomwa na kufungiwa kabatini.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Mpira wa matone una faida zake. Huongeza mavuno, hupunguza mbolea inayosombwa, humpunguzia mkulima kazi, na mahali ambapo maji ya ziada yangeishia kwenye chumvi au baharini, akiba yake ni akiba ya kweli. Na wapo watafiti walioitumia hesabu ya maji kwa njia ya heshima. Huko Tatura, katika jimbo la Victoria nchini Australia, watafiti wa mipichi walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba mti ukinyimwa sehemu ya maji katika kipindi fulani cha ukuaji, wakati tunda bado halijaanza kunenepa kwa haraka, matawi hupunguza urefu na mavuno hayapungui. Njia hiyo hupunguza maji yanayopumuliwa na majani, yaani yale yasiyorudi kwa mtu yeyote. Hapo ndipo pa kuokolea maji. Kompyuta nzuri inaweza kumwambia mkulima ni wiki zipi afunge bomba, na hiyo ni kazi ya maana kubwa kuliko kumpongeza kwa ufanisi.

Habari hizi za Petorca zinaihusu Tanzania kwa sababu mti ni uleule. Hass hiyohiyo inapandwa Njombe, Rungwe, Iringa na katika miteremko ya Kilimanjaro. Mwezi Novemba 2022 Tanzania ilitia saini na China makubaliano ya kuuza parachichi huko, na masoko mengine yanafunguka. Ni jambo la kufurahisha. Mkulima wa Rungwe anayetegemea mvua, mwenye miti michache nyuma ya migomba yake, amepata zao la fedha ambalo halimdai kuchota mtoni, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Lakini zao linapopata bei, mtaji mkubwa hulifuata, na mtaji mkubwa haungoji mvua. Yako tayari mashamba makubwa yanayotandaza mipira ya matone, nayo yatakuja ofisini na kompyuta zao.

Tanzania ina ngao ambayo Wachile waliipoteza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 inasema kwamba maji yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais anayashika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Hakiuzwi sokoni kama kule. Mahitaji ya lazima ya binadamu na ya mazingira yametangulizwa mbele ya uchumi. Ni sheria ya kujivunia. Lakini msomaji akumbuke kwamba hata Kanuni ya Pinochet iliyaita maji mali ya taifa katika vifungu vyake vya mwanzo. Umma unaweza kubaki mmiliki katika karatasi na kunyang'anywa katika hesabu, kibali kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na kiambatisho cha kompyuta kinachothibitisha kuwa mwombaji ni mwokozi wa maji.

Wala hapana haja ya kungoja parachichi ili kulijua hilo. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwaka 1993. Juu yake, katika bonde la Usangu, mashamba ya mpunga yalikuwa yakiongezeka, na mabanio ya zege yakajengwa kwa jina la kuboresha umwagiliaji. Banio la miti na mawe la mkulima lilikuwa likivuja, na wataalamu wakaliona kuwa ni la kizamani. Banio la zege halivuji: linaweza kuuchota mto wote wakati wa kiangazi, kisheria na kwa ufanisi. Uvujaji ule uliodharauliwa ndio uliokuwa ukimfikishia maji mtu wa chini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia na Taasisi ya Kimataifa ya Usimamizi wa Maji, walifanya kazi Usangu katika miaka ya mwanzo ya 2000 kwa mradi ulioitwa RIPARWIN. Walitengeneza modeli ya kompyuta ya bonde, na ni vema walifanya hivyo. Lakini walitengeneza na kitu kingine ambacho wasomi wengi wangekionea haya: ubao wa mbao wenye mteremko, umechongwa mfereji mmoja kama mto, wenye matawi kama mashamba, na gololi za watoto badala ya maji. Wakulima wa juu na wa chini waliketi pamoja kuuzunguka. Kila mmoja alitega vijiti vyake kama banio, gololi zikamwagwa kutoka juu, na kila mmoja akahesabu zilizomfikia. Mtu wa chini alipobaki mikono mitupu, hapakuhitajika mtafsiri. Yule wa juu alikuwa ameketi mbele yake na gololi zimejaa mapajani. Baada ya hapo ndipo walipoanza kuzungumza zamu. Hiyo nayo ni modeli, na tofauti yake na ile ya shamba la matunda ni kwamba mipaka yake imechorwa mahali panapostahili, na watu wote wanaohusika wameketi ndani ya mipaka hiyo.

Kwa hiyo lipo la kudaiwa, na lidaiwe mapema kabla milima haijavikwa kijani cha Petorca. Mwombaji wa kibali cha shamba kubwa la matunda aeleze ni maji kiasi gani yatakwenda hewani kupitia majani ya miti yake na hayatarudi, maana kiasi kinachochotwa hakisemi lolote juu ya hilo. Kibali kiweke kikomo juu ya matumizi hayo pamoja na idadi ya hekta, ili ufanisi ukipanda, maji yanayopatikana yabaki mtoni na yasigeuzwe miti mipya. Shamba lililokwisha kupewa kibali kwa hesabu ya mifereji, likihamia kwenye matone, kibali chake kipimwe upya. Hesabu yenyewe ipitishwe kwenye modeli ya bonde zima inayoshikwa na Bodi, na si ile iliyonunuliwa na mwombaji. Na tarakimu zilizoingizwa zitangazwe, maana kipimo cha 0.85 kilitungwa kwa mazingira ya kawaida ya kitabuni, na Siha si Njombe, wala Njombe si California. Vijana wanaotoka Sokoine na vyuo vingine wanaweza kuvipima vipimo hivyo hapahapa, na kazi hiyo ingewafaa wakulima zaidi kuliko tasnifu nyingi zilizolala maktabani.

Wapo maofisa watakaolalamika kwamba masharti ya namna hii yatawafukuza wawekezaji. Mwekezaji anayekimbia kwa sababu ameulizwa jirani yake wa chini atakunywa nini, na aende. Gharama ya kumbakiza inajulikana. Huko Petorca mhandisi wa kilimo Rodrigo Mundaca, mmoja wa waanzilishi wa harakati ya kutetea maji, ardhi na mazingira iitwayo MODATIMA, alisema mambo hayahaya kwa miaka mingi huku akitishwa, mpaka wananchi wa mkoa wa Valparaíso walipomchagua kuwa gavana wao mwaka 2021. Hata hivyo, ugavana haukumpa maji. Mwezi Aprili 2022 Chile ilirekebisha Kanuni yake, ikatanguliza maji ya kunywa na kufanya haki mpya ziwe za miaka 30. Zile za zamani, ambazo ndizo zilizoimaliza mito, zikabaki kwa wenyewe bila kikomo cha miaka. Mwezi Septemba mwaka huohuo rasimu ya katiba ambayo ingeyatoa maji sokoni ilikataliwa katika kura ya maoni. Miaka 41 baada ya kutiwa saini, karatasi za 1981 zilikuwa bado zinatawala.

Tanzania bado inaandika karatasi zake. Kabla ya kila moja kutiwa saini, hesabu ya mwombaji ipelekwe kwenye mkutano wa kijiji kilichoko chini ya shamba, imeandikwa kwa Kiswahili, ikiwa na safu mbili: maji yaliyokuwa yakiwafikia wanakijiji kabla ya mradi, na yatakayowafikia baada yake. Mwombaji mwenyewe awepo mkutanoni aisome.